Piano Iliyokataa Kusafika

Mwezi wa sita ukiingia, kijiji cha Kochkor hubaki na mbwa, wagonjwa na Melis. Wengine wote hupanda malishoni na kondoo wao, mahema yao ya sufu na masufuria yao, bibi kizee kaketishwa juu kabisa ya mizigo ya lori. Melis hakupanda. Piano haipandi mlima, naye alikuwa ameapa kutoiacha mpaka isafike.

Basi kila asubuhi aliingia katika ukumbi mtupu wa shule ya muziki, akafungua kifuniko, akashika spana yake ya kukazia nyuzi, akaanza. Bonyeza, sikiliza, kaza. Legeza, sikiliza tena. Kimya cha kiangazi ndicho kilichomfaa, maana hakuna lori wala mtoto wa kumvurugia sauti. Lakini tusidanganyane. Mtu anaweza kuupenda upweke siku mbili tatu, wiki hata, si miaka. Melis alikuwa mpweke kiasi kwamba akiingia ukumbini aliiamkia piano na kuiuliza imelalaje, kisha akaangalia mlangoni kama kuna aliyemsikia, na hakukuwa na mtu.

Alichokuwa akikitafuta kilikuwa kimoja tu: viganja vya baba yake vifunguke.

Baba huyo, Mzee Toktosun, alikwisha kumfungulia mara moja. Ilikuwa vuli ile kijana alipopata nafasi ya chuo mjini, kusomea ufundi wa kutengeneza piano na kuzilinganisha sauti. Kondoo alichinjwa, majirani wakala, na mzee akainua viganja akaomba dua ndefu, kwamba mwanawe aende mjinga arudi fundi. Watu wakasema Amin, wakajipangusa nyuso. Kule kwao mtu haanzi safari wala kazi bila hilo. Husema mwenye dua hachoki, na asiye nayo hata kwenye tambarare hupanda mlima.

Zilikuwa nyakati mbaya. Ile nchi kubwa iliyowaunganisha na Warusi ilikuwa imevunjika juzijuzi tu, na walimu, nao wana matumbo, walikuwa sokoni wakiuza soksi. Wanafunzi walikaa darasani na makoti yao wakimngoja mwalimu, wakapiga soga, wakasinzia. Melis hakuumbwa kungoja. Theluji ya kwanza haijaanguka, akapanda basi akarudi nyumbani na spana moja na kitabu kimoja kinene cha Kirusi.

"Nitajifunza mwenyewe," akasema akiwa bado mlangoni. "Yaliyoko kule yote yamo humu. Na kitabu hakitaniacha kwenda kuuza soksi."

Mama yake akaziba mdomo kwa ncha ya kitambaa cha kichwani. Mzee Toktosun hakufoka. Afadhali angefoka.

"Dua yangu umeifanyia nini?"

"Baba, mwalimu mwenyewe hayupo..."

"Nilikuombea mbele ya watu. Nyama yao wamekula, siwezi kuwaambia waitapike. Sasa umenirudishia dua yangu mfukoni, haijatumika hata kidogo." Akanywa chai, akaweka bakuli chini. "Haya, sikiliza. Kwa habari ya kazi hii, viganja sivifungui tena juu yako mpaka siku nitakapoisikia piano ya shule kwa masikio yangu haya, na iwe safi. Siku hiyo niite. Kabla ya hapo usinisumbue."

Melis alicheka moyoni. Piano moja? Kiangazi kimoja, labda viwili. Ujana ni ugonjwa, ila huu hupona wenyewe.

Mkuu wa shule, mama mmoja mwenye roho nzuri aitwaye Kanyshay, alimpa kazi ya kuchochea jiko la makaa, na ruhusa ya kuigusa piano wanafunzi wakishatoka. Hapo Melis akaanza kusoma, na sifa yake apewe, haukuwa mchezo. Kirusi cha kitabu alikitafuna neno moja moja. Alijifunza kutoa nyundo na kuzivika sufu mpya, sufu aliyoipiga mama yake mwenyewe. Alijifunza kupinda waya. Alikata nyuzi, na moja ilimrukia ikamwachia kovu shavuni. Kuuliza si ujinga, sawa, lakini amuulize nani? Piano ya Kochkor ilikuwa hiyo hiyo, na aliyewahi kuifungua tumbo alikuwa yeye peke yake. Siku aliyogundua kwamba mvua ikinyesha mbao hunywa unyevu na sauti zote hupanda, alitoka mbio mpaka barabarani na furaha yake kifuani. Akakuta mtu na punda wake. Akamsalimia, akarudi ndani.

Sasa, kuhusu masikio. Mzee Toktosun alikuwa mpigaji wa komuz, gambusi lao la nyuzi tatu, na Melis alikulia chini ya mlio wake. Nyuzi hizo zikilingana barabara, sauti hutulia, haitikisiki hata chembe. Zikihitilafiana kidogo tu, husikika mtetemo: wo-wo-wo. Mzee akiusikia mtetemo huo aliacha kupiga hata kama wageni wako katikati ya wimbo. "Uzi mchafu ni kama nyama ya mzoga," alikuwa akisema. "Hata ukiwa na njaa, hauliwi."

Basi jioni moja kwenye chai, Melis akiwa na kitabu mapajani, alifika mahali palipoandikwa kwamba anayelinganisha piano asizisafishe sauti kabisa. Kila moja aipunguze kidogo, aiache itetemeke kidogo.

"Baba, hebu sikia hawa watu. Wanasema uzi uchafuliwe makusudi."

"Nani anasema?"

"Kitabu."

"Aliyekiandika alikuwa na nta masikioni!" Mzee akacheka. Ilikuwa mara ya kwanza kucheka na mwanawe tangu ile vuli, na akacheka mpaka machozi. "Achafue makusudi! Basi na mama yako naye atie mchanga makusudi kwenye unga!"

Wakacheka wote wawili. Na Melis, kwa raha tu ya kucheka na baba yake, akachukua kalamu ya risasi akaupiga mstari ukurasa ule, kushoto kwenda kulia, ajue asiusome tena.

Hapo ndipo alipojikwaa. Mvivu asingejikwaa hapo, wala kiziwi. Alijikwaa kwa kiburi cha masikio mazuri.

Maana nyuzi tatu ni nyuzi tatu. Unasafisha wa kwanza na wa pili, wa pili na wa tatu, umemaliza. Piano ina sauti kumi na mbili zinazojirudia, na zinakwenda kwa mzunguko. Unatoka hii unasafisha ile, kutoka ile unasafisha nyingine, mpaka umezizunguka zote na kurudi ulikoanzia. Ukirudi, ya mwisho na ya kwanza nazo zinapaswa kulingana, mduara ufunge. Wa Melis haukufunga. Alikwenda safi, safi, safi, na pale pa mwisho piano ikalia kama mbwa aliyekanyagwa mkia. Akabomoa yote akaanza upya. Ikalia pale pale.

Alilaumu makaa. Akalaumu mvua, akalaumu vigingi vya nyuzi vilivyolegea, akaja kujilaumu mwenyewe. Mwisho wa yote aliamini kwamba ni ile dua aliyoikosa. Alichoweza kufanya ni kukisukuma kilio kile pembeni, kwenye vibao vyeusi ambako vidole vya watoto havifiki, kama mtu anavyosukumia uchafu chini ya zulia mgeni akibisha hodi. Watoto wakapiga nyimbo zao, wazazi wakapiga makofi. Hakuna aliyejua. Yeye alijua, na hakumwita baba yake.

Miaka ikaenda. Wenzake aliowaacha chuoni, pamoja na njaa yao na soksi za walimu wao, walirudi na vyeti, wengine wakapata kazi, wengine wakauza magari. Msichana aliyekuwa akimngoja alichoka kungoja, akaolewa mbali, huko Talas. Kwenye karamu, ambako kila mtu hukaa kwa cheo chake, Melis aliketishwa karibu na mlango pamoja na vijana, mvi zimeshaanza kumwota. Wenye mizaha hawakumwacha.

"Profesa! Ng'ombe wangu siku hizi analia vibaya. Njoo na spana yako umkaze nyuzi!"

"Mlete shuleni," Melis alijibu. "Ila alipe kwa samadi, jiko letu halina makaa."

Walicheka, naye alicheka. Kisha alikwenda nyumbani akakaa chumbani mwake, na baba yake akakaa chumbani mwake, ukuta mmoja kati yao. Waliongea habari za kondoo, theluji na mguu wa mama. Piano haikutajwa nyumbani humo.

Vuli moja watoto wa wilaya walishindanishwa, na jaji akatoka mjini: Raisa Pavlovna, mama mfupi mwenye kikohozi cha sigara na vidole vya kiume. Mashindano yalipokwisha watu wakamwomba naye apige kitu. Akaketi, akavuta pumzi, mikono ikaenda moja kwa moja kwenye vibao vyeusi. Melis, aliyesimama nyuma ya jiko, alijua kabla vidole havijashuka.

Piano ikalia. Watoto wakaangua kicheko, na mmoja akabweka. Raisa Pavlovna akajaribu tena, ikalia tena. Akafunga kifuniko taratibu.

"Fundi wenu nani?"

Vichwa vyote vikageukia jiko.

Alimwita chumbani kwa Mama Kanyshay, akammiminia chai kwa mkono wake, akamtazama lile kovu.

"Nani alikufundisha?"

"Hakuna."

"Ndivyo ninavyoona. Kila mahali umesafisha kuliko nilivyowahi kusikia, halafu taka zote umezirundika pembe moja. Kwa nini?"

"Mduara haufungi," Melis akasema. Hakuwahi kumwambia mtu maneno hayo, na sauti ilimtoka ya mtoto. "Nimejaribu maisha yangu yote. Nakosea wapi?"

"Hukosei. Haufungi."

"Haufungi kwangu?"

"Kwa yeyote. Haujawahi kufunga tangu dunia iumbwe, ndugu yangu. Ukisafisha zote, lazima kipande kibaki. Basi kipande hicho unakigawa. Kila sauti inabeba kidogo, inatetemeka kidogo, na hakuna hata moja inayolia. Mwanafunzi wa mwaka wa kwanza anaambiwa hivyo kabla baridi haijaisha. Kwani vitabuni hukukuta?"

"Nilikuta. Nilipapiga mstari."

Raisa Pavlovna alicheka mpaka akashikwa na kikohozi. Alipofuta macho na kuuona uso wa mwenzake, aliacha.

Melis alitoka nje, akaenda nyuma ya rundo la makaa, akalia. Asilaumiwe. Kukosea hakukumliza, fundi hukosea kila siku. Kilichomliza ni kwamba sentensi yenyewe ilikuwa fupi, ilisemwa juu ya kikombe cha chai, na kwa ujana wake wote hakupata mtu mmoja wa kumwambia. Anayesoma peke yake anaweza kupata karibu yote. Anachokosa ni jirani wa dawati, wa kumgeukia akanong'ona: hata wangu haufungi.

Majira hayo ya baridi aliianza piano upya. Ilimuuma. Kila sauti aliyoifikisha usafini ilibidi aishushe tena kidogo, aiharibu kwa mkono wake mwenyewe, na sikio lake lote likipiga kelele kwamba hapana. Alipomaliza mzunguko alikuwa ameloa jasho kwenye ukumbi wa baridi. Akabonyeza ya mwisho na ya kwanza. Zilitetemeka kidogo, polepole, kama zote. Mbwa hayupo. Akapiga huku, akapiga kule, kwenye vyeupe na vyeusi, kote kukapitika. Alifurahi furaha kubwa, akainuka akatazama huku na huku, akakaa tena.

Sasa ilibaki kumwita mzee. Na hapo palikuwa na shida nyingine, pengine kubwa kuliko ya kwanza.

Maana Melis alijua baba yake atabonyeza nini. Mzee hajui piano; angetafuta sauti tatu za komuz yake, angezibonyeza pamoja, angesikiliza. Na angesikia mtetemo. Masikio yale yasingeukosa hata yangekuwa kaburini. Lakini palikuwa na njia. Angeweza kuzisafisha hizo tatu tu, taka akazisukuma kwingine, kwa asubuhi moja. Mzee angesikia usafi, viganja vingefunguka, Amin, na kesho yake spana ingerudisha kila kitu mahali pake. Nani angejua? Na mzee alikuwa ameanza kudhoofu, kifua kikimbana, muda ukimkimbia. Melis alivika spana juu ya kigingi cha kwanza, akakaa hivyo mpaka mkono ukafa ganzi.

Akaitoa. Katika bonde lile zima palikuwa na jozi moja tu ya masikio aliyoyaamini kuliko yake. Akiyadanganya hayo, atabaki na nani?

Mzee Toktosun alikuja theluji ilipoanza kuyeyuka, kavaa kofia yake nyeupe ya sherehe na koti lililopigwa pasi na mama. Hakusalimia. Aliketi kwenye kiti cha piano akiwa wima, akaunyoosha mkono uliopinda kwa baridi yabisi, akatafuta, akapata. Akabonyeza.

Kichwa chake kikainama upande mmoja. Akangoja sauti zife zenyewe. Akabonyeza tena.

"Inatetemeka."

"Inatetemeka, Baba. Kidogo."

"Umeshindwa kuimaliza?"

"Nimeimaliza. Ndivyo inavyotakiwa. Nimeichafua kila mahali kidogo ili isilie mahali popote."

Mzee akafikiri. "Kile kitabu."

"Kile kitabu."

"Tulikicheka."

"Tulikicheka, Baba."

Jiko likapasuapasua makaa. Mzee akazipapasa zile sauti tatu bila kuzibonyeza.

"Ulijua nitashika hizi."

"Nilijua."

"Ungenisafishia hizi tu. Mimi ningejuaje?"

"Usingejua."

"Ningekufungulia viganja nikaenda zangu nyumbani na furaha yangu."

"Najua."

"Mpumbavu wewe," mzee akasema, kwa sauti ambayo Melis hakuwa ameisikia tangu alipokuwa akibebwa mgongoni. Viganja vyake vilikuwa juu ya magoti. Vikainuka. Melis aliviona vikiinuka, baadaye angeapa kwamba aliviona, vikafika usawa wa kifua, vikasimama hapo, kisha vikarudi magotini.

"Siwezi," mzee akasema. "Sina hasira, usidhani nina hasira. Siusikii huo usafi, basi. Nikisimama mbele ya Mungu nikasema nimeusikia, nitakuwa nimesema uongo, na dua ya uongo humdhuru anayeombewa. Wewe hukunidanganya. Na mimi nisikudanganye."

Akaiweka sawa kofia yake, akatoka, akitembea kando ya ukuta kwa sababu ya utelezi. Saa ya masomo ilipofika watoto waliingia wakapiga nyimbo zao kwenye vibao vyovyote walivyotaka, wakagombea kiti, wakaondoka. Hakuna aliyegundua kitu. Piano ikilinganishwa vizuri watu husifu wimbo.

Mwaka uliofuata, kabla mifugo haijapanda, mzee Toktosun alilala na hakuinuka tena. Alipoona saa imekaribia aliagiza watoto wake waitwe, na wazee wa jirani wakaketi ukutani. Kila mtoto alipiga magoti mbele yake kwa zamu. Mkubwa alifunguliwa viganja kwa ajili ya kondoo na farasi wake, Amin. Binti alifunguliwa kwa nyumba yake na wanawe, Amin. Kisha Melis.

Viganja vilipanda.

"Uwe na afya. Upate mke, ingawa umechelewa. Nyumba yako isikose mgeni, wala bakuli lako lisikose cha kumpa."

Ilikuwa dua nzuri, na ilikuwa dua ya mtu yeyote. Melis alingoja. Aliona viganja vimeanza kugeuka kwenda usoni, na hapo akashindwa kujizuia.

"Na kazi yangu, Baba?"

Wazee wakatikisika ukutani. Dua haiongezwi kwa kuombwa, ni aibu, kila mtu anajua. Mama yake akamvuta mkono wa koti. Mzee alimtazama mwanawe, viganja bado viko hewani, pumzi ikimkwama na kukwamuka.

"Kazi?" akasema. "Hiyo, mwanangu, unaijua peke yako."

"Amin," watu wakaitikia, wakajipangusa nyuso, kabla Melis hajajua kama hiyo nayo ilikuwa dua.